Jiwe la Kusagia Mlangoni

Jiwe lililokuwa juu ya kaburi la kaka yangu tulilikuta mlangoni mwa nyumba ya mapumziko, limebebeshwa chungu cha maua.

Nianze mwanzo. Mama alihamia Misungwi baada ya mjomba kuuza kiwanja cha bibi ufukweni mwa ziwa. Mwaka huu aliniomba kitu kimoja: aone alipomzika mtoto wake wa kwanza, kabla miguu haijamkatalia. Pale sasa pana nyumba nne za kukodisha, na asiye mgeni wao havuki geti. Nikalipia siku mbili, kwa bei ambayo mama sikumtajia.

Wewe uliyekulia kando ya ziwa utanielewa. Kwa bibi asubuhi ilianza na mlio wa jiwe juu ya jiwe, anasaga mtama. Tunakula michembe, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, vitamu hadi vinanata menoni, kisha natumwa kwenye majabali kulinda dagaa walioanikwa. "Wewe ndiye polisi wangu," bibi alikuwa akisema, "na kunguru wote ni wezi." Jioni nilinuka dagaa hadi kwenye nywele.

Kaka yangu sikumkuta. Alifariki akiwa na wiki tatu. Mtoto mchanga kwetu hakupelekwa makaburini. Alizikwa karibu na jiko, asipate baridi. Hakuwekewa msalaba, bali jiwe la kusagia lililovunjika pembe, na sisi watoto tulifundishwa kulizunguka bila kulikalia.

Nyumba tuliyopewa ilipendeza kwenye picha. Bomba halikutoa maji, ingawa ziwa lilikuwa hatua ishirini tu. Kiyoyozi kilinguruma bila kupoza. Majabali yamezungushiwa waya. Mhudumu, binti mwenye heshima, alimwamkia mama shikamoo.

"Marahaba. Niletee dagaa, mwanangu."

"Dagaa hatupiki, mama. Kuna piza."

"Ziwa hilo hapo, unanipa piza?"

"Wageni wanalalamikia harufu."

"Basi mimi wangenifukuza nikiwa mtoto," mama akasema, akacheka, akatoka kukaa kibarazani.

Ndipo alipoliona jiwe. Alipapasa pale pembe ilipovunjika, kicheko kikakatika. Binti alieleza kuwa mawe kama hayo yaliokotwa wakati wa ujenzi, yakawa mapambo; yeye hakuwapo. Nikamwuliza mama jiko lilikuwa wapi. Alionyesha bwawa la kuogelea, kisha maegesho ya magari, kisha akashusha mkono. Miti aliyoitumia kupimia yote imekatwa, na ardhi yenyewe imesawazishwa. Mimi niliyeshinda hapo utoto wangu wote sikuweza kumsaidia hata kwa hatua moja.

Tuliondoka siku moja kabla ya muda niliolipia kwisha.

Msimamizi wa ujenzi nimempata kwa simu, anaishi Buhongwa. Anakumbuka kuokota mawe matano ya kusagia. Hakumbuki lipi aliliokota wapi, ila ameahidi kuwauliza vibarua wake wa zamani. Kila Jumapili mama ananipigia kuuliza kama amerudisha jibu.