Kaseti ya Jumapili ya Matawi

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na minne, Respicius alifagia ukumbi wa chini ya kanisa moja mjini Washington, na tangu hapo hakuupenda muziki wa magitaa. Kila Jumamosi vijana wa panki, muziki wa kasi na hasira, walijazana humo wakirukiana na kupiga kelele, wimbo dakika moja, mwingine dakika moja. Kisha ghafla kelele ikabadilika. Hasira ilikuwa ileile, ila sasa ilijua kusubiri. Gitaa la besi likatangulia, dramu zikaacha nafasi, na katika nafasi hizo vijana wakapachika chochote: king'ora, mahubiri ya redioni, sauti ya mama wa mtu akizungumza. Waliuita post-punk, muziki uliokuja baada ya panki. Respicius aliuita wazimu uliopunguza mwendo.

Siku hizo watu walijua kuongea. Simu ya kwenda kwao Bukoba ilikuwa anasa, basi walitumiana kaseti. Mama alikaa mbele ya redio ya kaseti, akakohoa, akasalimia, akataja nani kazaa na nani kaugua, upande mzima, na msafiri akaibeba hadi mkononi mwako. Uliisikiliza umekaa, umetulia. Leo mwana anamtumia mamaye kidole gumba cha manjano kwenye simu na kuhesabu kwamba wameongea.

Kaseti moja ndiyo iliyoharibu jina la Zefania. Baba yake Respicius alifariki wiki ya pili baada ya Pasaka, mwaka themanini na sita, na yeye, mwanawe mkubwa, hakwenda kumzika. Kila Mhaya wa maeneo ya Washington alijua sababu: mama alituma kaseti ya kumwita, lakini Zefania, aliyeibeba, akakaa nayo hadi maziko yakapita. Ndivyo Respicius alivyosimulia. Flaviana alipokuja kuolewa naye alisimuliwa hivyohivyo, akaacha kumsalimia Zefania, ingawa ni binamu yake wa damu.

Habari za ule ukumbi Respicius alimlalamikia mjukuu wake Violet tangu mtoto ana miaka saba. Alidhani anamwonya. Mtoto akaenda kuutafuta muziki wenyewe, akaupenda, na alipoingia chuo kikuu, College Park, akaunda bendi ya watu watatu.

Mwezi wa pili alikuja nyumbani kwa babu na bibi yake, Gaithersburg, kuomba kaseti za kwaya azihamishie kwenye kompyuta. Babu akampa boksi zima bila kulifungua. Miaka arobaini nyuma alikuwa ameivisha ile kaseti ya mama yake jalada la kwaya ya kigango, akijua hakuna atakayeigusa, na kwa kuificha vizuri hivyo akawa ameisahau.

Violet aliwaalika babu na bibi yake kwenye onyesho la bendi, Jumamosi moja saa tisa alasiri. Ukumbi wa chini ya kanisa, tena. Flaviana alivaa kitenge kana kwamba anakwenda kipaimara.

"Baba Ombeni, toa vidole masikioni," alimnong'oneza. "Mjukuu wako anakuona."

"Hiki ndicho nilichokuwa nafagia, Mama Ombeni. Kilekile! Hata jasho ni lilelile."

"Basi pale kuna ufagio. Kawasaidie."

Wimbo wa nne ulianza kwa besi peke yake, nzito, ikizunguka. Dramu zikaingia, zikaacha nafasi. Ndani ya nafasi ile mwanamke mzee akakohoa, akaanza kusema kwa Kihaya kupitia spika kubwa mbili.

Respicius aliitambua sauti ile. Ni mama yake.

Violet anaelewa Kiswahili, japo hukizungumza kwa kuchanganya na Kiingereza. Kihaya hakijui hata salamu. Alikuwa amependa mapigo ya ile sauti tu, akayakata, akayarudia. Vijana themanini walitikisa vichwa wakifuata maneno wasiyoyaelewa. Mle ndani walioyaelewa walikuwa wawili.

"Leo ni Jumapili ya Matawi," mama alisema. "Zefania anasafiri kesho. Jumatano atakupa mkononi. Baba yako anakuulizia. Njoo, utamkuta." Gitaa likakwaruza. "Jumatano atakupa mkononi. Jumatano. Jumatano."

Flaviana aligeuka taratibu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu: Jumatano, Pasaka, wiki mbili.

"Respicius," alisema. Tangu wazae hakuwa amemwita kwa jina. "Ilikufikia lini?"

Angeweza kusema uongo tena. Sauti ya mama ilikuwa bado inazunguka juu ya vichwa vyao.

"Jumatano," alijibu. "Karatasi zangu za uhamiaji hazikuwa zimekamilika. Ningetoka, nisingerudi."

"Na Zefania?"

Flaviana alishika ukingo wa kiti kama mtu aliyepigwa kofi. Alikuwa amemnyima binamu yake salamu katika harusi tatu na misiba isiyo na idadi.

Violet alikuja mbio, uso unameremeta. "Babu! Ume-enjoy? Yule bibi anasema nini?"

Flaviana ndiye aliyemtafsiria, neno kwa neno, na kumweleza uongo uliofuata, bila kumhurumia yeyote. Binti alikaa chini sakafuni. "Nitaifuta," alisema. "Babu, nisamehe, nitaifuta kesho."

"Wewe hujakosa kitu," bibi yake alimwambia. "Leta gari. Zefania anakaa Rockville."

Violet aliwaendesha hadi huko. Zefania alifungua mlango mwenyewe, mzee mwembamba mwenye sweta, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alimtazama Respicius, akamtazama Flaviana anayelia, akaelewa kabla ya salamu.

"Zefania," Respicius alianza, "ile kaseti ulinipa Jumatano. Ulinipa mkononi, kule ukumbini kwenye kazi yangu, nikiwa na ufagio..."

"Unaniambia mimi?" Zefania alisema. "Mimi nilikuwepo. Kesho kuna misa ya Kiswahili. Kawaambie wao waliokuamini."