Mama Daftari na Milango Miwili ya Maabara

Saa tatu asubuhi. Chumba cha seva cha hospitali hii kina baridi ya kufisha vidole ganzi, na mashine zinavuma kwa sauti moja, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, sweta juu ya gauni, anafumba macho.

"Nikikaa hivi naona majina yanapita," anasema taratibu. "Daktari, muuguzi, mfagiaji. Kila mmoja anaelekea kwake."

Wenzake humwita Mama Daftari. Ndiye mtunzaji wa seva, kompyuta kuu yenye orodha ya watumishi 1,140 na maneno yao ya siri. Mtumishi akiwasha kompyuta, orodha hiyo ndiyo inayomtambua. Isipojibu, hata mganga mkuu ni mgeni.

Mwaka jana haikujibu. Mafundi bomba walikata kebo inayokwenda maabara, ambayo mtandao wake umezungushiwa ukuta ili siri za wagonjwa zisivuje. Kwa dakika arobaini mfumo wa kompyuta wa akiba ya damu haukufunguka, na wodini kulikuwa na mzazi aliyetoka kujifungua, akivuja damu.

"Chupa za damu naziona kwenye friji, lakini mfumo unasema haunijui," anakumbuka mtaalamu wa maabara. "Tulipima upya kwa mkono, jasho linatutoka."

Mzazi alipona. Mama Daftari alikwenda kumwomba radhi.

"Dada, mimi nilikuwa naota naogelea," mzazi alimjibu akicheka. "Uliyeteseka ni wewe."

Kicheko kile hakikumtoka moyoni. Akaamua kuweka nakala ya orodha ndani ya ukuta wa maabara, ijisasishe yenyewe kutoka seva kuu, ili kebo ikikatika kazi iendelee.

Ukuta huo una mwenyewe: mkuu wa usalama wa mtandao, maarufu kama Mzee Komeo.

"Mama, sikujenga ukuta ili niutoboe," alimwambia.

"Sitaki tundu, mzee wangu. Nataka mlango mmoja, na ufunguo ukae kwako."

Alipewa mlango mmoja. Wiki tatu nzima nakala ilikataa. Seva mbili zilisalimiana, kisha zikanyamaziana kama mawifi waliogombana. Alikagua kila kitu mara mbili, hadi siku moja, mawazo yakiwa mbali, macho yake yakatua kwenye saa ya seva ya maabara. Ilikuwa nyuma kwa dakika sita. Seva kuu haikuamini salamu iliyochelewa kiasi hicho.

Akarudi kwa Mzee Komeo kuomba mlango wa pili, wa kupitisha saa.

"Nimekupa chumba, sasa unataka na baraza?" mzee aliguna. Lakini alitia saini.

Jumatano iliyofuata, Mzee Komeo alichomoa kebo kwa mkono wake. Mtaalamu wa maabara akaandika neno lake la siri. Kisha kioo kikafunguka, na orodha ya chupa za damu ikajipanga mbele yao.

"Hakuna mwizi aliyepita," Mzee Komeo alisema, akipangusa miwani isiyo na vumbi. Mama Daftari aliinamia meza akalia.

Sasa anaiwazia zahanati ya mlimani, tawi la hospitali hiyo, ambako mtandao hukatika kila mawingu yakitanda. Ameshaomba seva ya tatu.

"Siku moja mvua itanyesha kule juu, na mimi nitakuwa kibarazani na mume wangu, chai mkononi," anasema. "Simu itakuwa ndani. Na hakuna atakayenitafuta."