Baraka ya Mjomba wa Miaka Ishirini na Minne

Mke wa mpwa wangu alinipigia simu nikiwa Flagey, hapa Brussels, nikichagua nyanya sokoni. "Mujomba," alisema, "kuja mbio ku hospitali. Bwana yangu anakataa kusimama. Anasema anakungojea weye."

Inafaa nieleze mara moja kwamba mpwa wangu alikuwa na miaka hamsini na minane na mvi kichwa kizima, na mimi nilikuwa na ishirini na minne. Marehemu mama yake alikuwa binti wa kaka mkubwa wa baba yangu. Baba alikuwa kitinda mimba, nami nilizaliwa yeye akiwa mtu mzima sana. Kwa hesabu ya kwetu Bukavu, Kongo, binti wa baba mkubwa ni dada yangu kamili, na mtoto wa dada yangu huniita mjomba hata kama aliota ndevu kabla sijazaliwa. Wajomba wenye umri wa kuogopwa walikuwa wamefariki mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alituacha mwaka uliotangulia, na cheo kikanishukia mimi, muuguzi niliyekuwa nimemaliza chuo miezi mitatu tu kabla.

Cheo hicho si jina tupu. Kwetu mjomba ndiye hubariki. Akiwa na kinyongo, mambo ya mpwa hukwama, akiridhia, hufunguka. Nilikulia katika imani hiyo, kisha nikaiacha polepole na kwa heshima, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Chuoni niliwahi kusimama darasani kutetea hoja kwamba sala na baraka zinastahili adabu yetu, lakini hazina nafasi katika faili la mgonjwa. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuombwa baraka.

Nilimkuta mpwa wangu wodini, amelala chali, ameshika blanketi kwa mikono miwili. Alikuwa ameteleza akishuka tramu karibu na stesheni ya Gare du Nord, akavunjika nyonga, na wapasuaji walikuwa wamemwekea kiungo kipya siku tatu zilizopita. Kiungo kilikaa vizuri. Lakini alikuwa hajaugusisha mguu ule sakafuni, na kila siku ya kulala iliongeza hatari ya damu kuganda na kifua kujaa. Tena nyumba yao ya mtaa wa Molenbeek iko ghorofa ya tatu, haina lifti. Asiyesimama hapandi ngazi, na asiyepanda ngazi angetafutiwa kitanda katika nyumba ya kulelea wasiojiweza.

"Papa, habari ya maumivu?" nilimuuliza.

"Usiniite papa. Leo miye ni mutoto," alijibu. "Ulikawia, mujomba."

"Padri hakuja?"

"Alikuja. Alinibariki muzuri kabisa, siwezi kulalamika. Lakini ile ni ya Mungu. Ya kwetu ingali bado. Mujomba mukubwa alikufa tukiwa tumekosana, hata ku matanga sikufika. Donc, nitasimama na ruhusa ya nani?"

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Kibelgiji mwenye mikono mipana, aliingia akisukuma kiunzi cha chuma cha kutembelea. Aliniuliza kwa Kifaransa kama mimi ni mwana wa mgonjwa. Nikamwambia hapana, ni mjomba wake. Alitazama uso wangu, akatazama mvi kwenye mto, akaamua kutouliza zaidi.

Nilijua kinachotakiwa: mjomba hujaza maji kinywani, kisha humpulizia mpwa kifuani. Nilijua pia kwamba pale palikuwa na kidonda kibichi na wodi nzima ya wagonjwa. Lakini maji hayakunitisha kama ule uongo niliodhani naombwa kuusema. Nilivuta kiti, nikamwambia ukweli.

"Mpwa wangu, sina kinyongo nawe hata punje. Ila siamini kwamba maji yangu yataponya mfupa."

Alinitazama kwa huruma. "Nani alikuambia uamini? Nilikuomba ubariki."

Mkewe, aliyekuwa kando yetu, alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda.

"Na sitapuliza kwa mdomo," niliongeza. "Mate hayaruhusiwi hapa."

"Weye si ndiye mujomba? Alors, panga."

Basi nikapanga. Nilinawa mikono hadi kwenye viwiko, nikamwaga maji safi kiganjani, nikamnyunyizia kwenye paji la uso na kwenye vidole vya miguu, mbali na bandeji. Maneno niliyakumbuka kutoka arusi za nyumbani, nikayasema yote bila kuchuja: "Kama kuna neno moyoni mwangu, limetoka. Kama walionitangulia waliacha neno, nimelifuta. Ule ushibe, utembee, uzae mapacha…"

"Mapacha?" Mkewe aliruka. "Ah non, mujomba! Iyo uitoshe!"

Mpwa wangu alicheka, na kicheko kikamtonesha, akaendelea kucheka hivyo hivyo. Nikaondoa mapacha. Kisha akageuza miguu, akashika kiunzi, akasimama. Alitembea hatua sita hadi dirishani, akilitukana kila jiwe la Brussels.

Sina budi kusema na haya: asubuhi ile daktari alikuwa amembadilishia dawa ya maumivu, na wagonjwa wengi wa nyonga husimama mapema kuliko alivyosimama yeye. Sijui ni kipi kilichomwinua, na sitajifanya ninajua. Ninachojua ni kwamba alikuwa na hofu ambayo haiandikiwi kidonge, na kwamba hofu ile iliondoka mbele ya macho yangu.

Mtaalamu wa viungo alikuwa akiandika katika faili. Nilichungulia: "Hatua sita. Mjomba alikuwepo."

"Alhamisi tunaanza ngazi," aliniambia. "Unaweza kuja?"

Nilikwenda Alhamisi, na siku nyingine nne.

Wiki ya tatu alirudi Molenbeek. Alipanda kwa magongo, akikataa kushikwa, nami nikifuata nyuma yake mikono wazi kama mdaka mpira. Ghorofa ya pili jirani yao Mmoroko alifungua mlango, akatoa kigelegele. Juu tulimkuta binti yao, wakili wa miaka thelathini, amepakua chakula. Kwa kuwa mimi ni mjomba wa baba yake, kwake mimi ni babu.

"Karibu, babu," alisema, akiniwekea firigisi, kipande cha heshima. "Meno yako ingali mazima?"

Tulikuwa tumeanza kula mpwa wangu alipotaka chumvi. Mkewe aliinuka, lakini mumewe akamwashiria akae. Alichukua magongo, akaenda jikoni mwenyewe. Sote tuliacha kutafuna, tukasikiliza: gongo, hatua, gongo, hatua, kabati kufunguliwa, kufungwa.

"Munanyamaza sababu gani?" alipaza sauti kutoka jikoni. "Mukule!"