Jicho la Mama Njoki

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa makaa kwa jirani, huko Witeithie kulikuwa na mama ambaye hatukuruhusiwa kutafuna chochote mbele yake. Tulimwita Mama Njoki. Watu walisema ana kithemengo, lile jicho baya. Akisifu ndama, ndama anakufa. Akisifu mtoto, mtoto anaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Dawa ilikuwa moja, mate yake mwenyewe: aliyekutazama ndiye anakutemea, unapona. Nilimwogopa kuliko fisi. Nikienda kwake nilifunga mdomo, hata mate yangu sikumeza mpaka nitoke.

Siku ya kuvuna mahindi majirani walikuja kutusaidia, mama akapika mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa. Dada yangu Wanja, msichana aliyekuwa ndiyo anaanza kuota matiti, alikuwa amebeba magunia tangu asubuhi. Alikula, akaongeza, akaongeza tena. Mama Njoki akamtazama, akasema mbele ya wanaume wote, "Huyu anakula kama mwanaume. Atakayemuoa anunue shamba kwanza."

Watu walicheka sana. Wanja akaweka sahani chini.

Hatukujua mara moja kwamba ameacha kula, kwa sababu sahani yake ilirudi tupu. Alikuwa anamsukumia kaka yetu Karanja, na Karanja alikuwa amefundishwa kwamba mwanaume habakishi chakula. Alimaliza chake, akamaliza cha Wanja, halafu akaenda nyuma ya zizi kutapika. Nilimkuta huko ameshikilia fito, machozi yanamtoka. Nikamwambia mama. Mama akasema kijana ameshiba, kuna ubaya gani. Baba naye alimsifu kwa wageni, eti huyu ana tumbo la mwanaume.

Wanja akakauka. Mabega yalitokeza chini ya gauni kama mpini wa jembe. Siku moja alianguka njia ya mtoni na debe la maji mgongoni, akaletwa amebebwa. Mama alimvua nguo, akamtazama mbavu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kithemengo."

Mama Njoki akaitwa.

Nilijificha nyuma ya mlango. Akikataa kutema, dada yangu anakufa. Akikubali, basi ni kweli, na huyo ndiye tunaenda kwake kila jioni kuomba moto. Baba alisimama nje na panga.

Mama Njoki hakubishana. Nafikiri alikuwa ameitwa hivyo kwa nyumba nyingi. Alitema mate kwa kiganja, akampaka Wanja kifuani. Mama akaleta bakuli la uji, akamwambia Wanja anywe, lile jicho baya limeshamtoka.

Wanja hakugusa bakuli. Alimtazama Mama Njoki, akasema, "Si macho yake. Ni ile kitu alisema."

"Alisema nini?" baba akauliza kutoka mlangoni.

Mama hakukumbuka. Baba hakukumbuka. Mama Njoki mwenyewe alikunja uso akitafuta, akakosa. Waliocheka wote walikuwa wamesahau.

Wanja akaomba watu watoke. Mimi nilibaki nyuma ya mlango, hakuna aliyeniona. Nikamwona amegeukia ukuta, amejifunika shuka kichwani, nikasikia anakunywa.

Alipona, kama mnataka kuita hivyo. Siku ya harusi yake alilishwa keki akaificha shavuni, nikamwona akiitema kwa kitambaa. Alipikia watoto saba, na mpaka tunamzika sikuwahi kumwona akitafuna. Karanja alikula mpaka ugonjwa wa sukari ukamchukua mguu, na kwa matanga yake wazee walisimama kumsifu kwamba alikuwa mtu wa kula vizuri. Huyo hakuna aliyemwitia wa kumtemea mate.

Sasa nina mjukuu wa kike huko Gatongora ambaye anashinda na maji ya ndimu, na kaka yake anakoroga unga wa kutengeneza misuli na kumeza mayai mpaka anabeua kama ng'ombe. Mama yao anasema simu imewaharibu. Simu haikuwa Witeithie siku ile ya mahindi.

Juzi walikuja kunisalimia. Msichana alikula chapati moja, akakaa, akaangalia huku na huku, akachukua ya pili. Nina meno machache lakini ulimi wangu haujazeeka, na neno lilikuwa limeshafika, la mzaha tu, tamu, lingechekesha nyumba nzima. Nikalimeza. Nikaangalia sahani yangu mwenyewe mpaka nikasikia amemaliza.