Majiko ya Nyasi Katika Takwimu za Mji

Mpaka wa mji wa Tukuyu uliposogezwa, vijiji vya pembeni viliingizwa mjini pamoja na migomba yake, majiko yake ya nyasi, yaani vibanda vya kupikia vilivyoezekwa nyasi, na moto wake. Nilikuwa karani wa takwimu wilayani, na mwongozo ulikuwa wazi: kila moto uliowaka ndani ya mpaka ni moto wa mji. Niliuandika wote.

Naomba ieleweke majiko yale yaliungua vipi. Msimu wa ukungu mafiga hayapoi, na juu yake hutundikwa kuni na mahindi vikauke. Cheche ikiruka, majirani hukata migomba na kuirundika juu ya moto, kwa kuwa shina lake limejaa maji. Wiki haiishi, jiko limesimama tena. Sikumbuki mtu aliyedai fidia.

Kisha biashara ya bima ikafunguliwa kwa kampuni binafsi, na wakala akaja kutoka Mbeya kupima hatari ya moto mjini kwetu. Alitaka jumla tu. Nilimweleza tofauti ya duka la tofali na jiko la nyasi. Akanijibu kwa upole kwamba yeye husoma kilichogongwa muhuri.

Jirani yangu, muuza vitambaa, alikuwa na duka la tofali na bati ambalo halijapata kushika moto tangu enzi za baba yake. Benki ilimwahidi mkopo, ila kwa sharti la bima. Kampuni ikamkataa: mji wake unaungua mno.

Alikuja ofisini akaniomba niyaondoe majiko. Nilimwambia kwamba yaliungua kweli, nami sifuti ukweli. Nikapanda kwa mkuu wangu kuomba kibali cha kutenga maduka na majiko. Alisema jedwali halina safu hiyo, na takwimu ikishatoka hairudi. Nikashuka mikono mitupu. Jirani alikuwa bado amekaa kwenye kiti changu.

"Ndaga fijo, mkubwa," akasema, akinishukuru kwa Kinyakyusa ilhali nyumbani kwao husemwa Kiswahili. "Baba aliniachia bati. Wewe umeniezekea nyasi."



Alihamia Mbeya kabla ya masika. Kila asubuhi nililipita duka lile lililofungwa, mvua ikipiga bati lake, nikienda kujaza jedwali lile lile.