Mtu wa Kigari cha Pembeni

Nilikuwa tanboi wa lori la mahindi, yaani msaidizi wa dereva, mtu wa kupakia magunia na kuweka mawe chini ya magurudumu lori likisimama mlimani. Kwenye kona za kupanda kutoka Mai Mahiu nilizoea kutoka nje ya bodi, nikashika kamba na kuinamia upande wa mlima. Hakuna aliyeniagiza. Nilipenda upepo tu.

Siku moja pikipiki ilitufuata kona zote bila kutupita. Tuliposimama kunywa chai kule juu, mwenyewe akaja kibandani, kalasinga wa makamo, kilemba chake cha samawati kimejaa vumbi. Nilimjua kwa sura, kama kila mtu wa Nakuru. Mashindano ya pikipiki ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Duka moja la matairi lilimlipa akimbie na matairi yake. Alimwomba dereva aniachilie Jumapili. Pikipiki yake ilikuwa na kigari cha pembeni, na kigari kilihitaji mtu wa kuinama nje kwenye kona, la sivyo gurudumu linanyanyuka na wote wanapinduka. Mwenzake wa zamani alikuwa ameoa, na mke hakutaka tena kusikia habari hizo.

Nilikaa mtaa wa Bondeni, hukohuko Nakuru, na mama yangu, mjane. Nilipomweleza alikataa katakata. Kalasinga akaja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akamwamkia kwa adabu na kumweleza kazi ilivyo. Mama akamjibu kwamba hamtoi mwanawe kwa kitu asichokijua; apandishwe yeye kwanza. Basi akakunja buibui lake, akaketi kigarini, wakaenda hadi stesheni na kurudi, watoto wa mtaa wakiwakimbilia nyuma. Aliposhuka alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afariki. Alisema niende, ila nivae suruali nzito.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, njia ya vumbi yenye kona kali, na washindani wengi walikuwa Wazungu wa mashambani. Kona ya kwanza nilichelewa kutoka. Kigari kikaruka, kalasinga akanifokea kwa Kipunjabi. Ya pili nikatoka mapema, bega langu karibu liguse ardhi, nikasikia mashine yote inatulia chini yetu. Kuanzia hapo nilicheka mpaka mwisho, vumbi tele mdomoni. Tulikuwa wa tatu. Suruali ile nzito iliisha upande mmoja.

Tulikimbia pamoja miaka kadhaa: Eldoret, Kisumu, Nairobi. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na askari walitusimamisha kila mahali. Lakini wakishaona kile kigari, walisahau kuuliza vipande, yaani vitambulisho vyetu, wakauliza kinakwenda mbio kiasi gani.

Ushindi mkubwa tuliupata nyumbani Nakuru. Kombe liliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na mzee wa Kizungu akamwita mwendeshaji peke yake. Kalasinga hakusogea.

"Pikipiki yangu ni ya watu wawili," alisema. "Tukija, tunakuja wawili."

Mzee alitazama karatasi zake, akamtazama mwenzake wa pale mezani, kisha akanipungia mkono nami nije. Nilikwenda na suruali yangu iliyochanika, nikashika sikio moja la kombe, yeye akashika la pili. Mama alikuwa ng'ambo ya kamba na wanawake wa mtaa, akiwaambia wote kwamba kile kigari yeye alikipanda kabla yangu.

Baadaye magoti ya kalasinga yalikataa. Alifungua gereji na kunifundisha kuendesha magari, nami nikawa dereva wa lori. Kombe alinipa mimi, akisema mkewe amechoka kulipangusa. Mama alilitia sukari. Wageni waliokuja kunywa chai walichota humo, na aliyeuliza limetoka wapi alijikuta amekaa hadi adhana ya magharibi.