Watoto Ishirini na Tisa Wasio na Safu

KOLWEZI, 1993. Saa mbili asubuhi, katika darasa la sita la shule moja ya msingi huku Musonoi, Mwalimu Numbi anaita majina. "Kazadi!" "Iko!" "Badibanga!" "Iko!" Mlangoni, karani wa shule, Ernestine Mukalay, anahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. Majina hamsini na mawili yameitikiwa. Vichwa ni ishirini na vitatu.

"Nani anaitika mu fasi ya Badibanga?" anauliza.

"Mama, haiko mbali," anajibu msichana wa dawati la mbele. "Iko pa gare."

Wiki sita zimepita tangu familia zenye asili ya Kasai, mkoa jirani, zifukuzwe majumbani mwao na wanaodai Katanga ni yao peke yao. Watoto wao wamezaliwa hapa, na wengi baba zao pia. Sasa wanalala chini ya maturubai stesheni, wakingoja treni isiyo na saa. Wenzao wanawaitikia kila asubuhi, kwa mapenzi tu.

Fomu ya takwimu inatakiwa kwa mkaguzi kesho. Serikali hupima elimu kwa safu nne: waliopanda, waliorudia, walioacha, waliofariki. Kila jina lazima liangukie moja, na cheti cha mtoto anayeondoka hunakiliwa kutoka fomu hiyo hiyo. Kuhama kunadai barua ya shule mpya, na nani ana barua ya mahali asipopajua?

Kupima serikali inaweza. Kutoa ni habari nyingine. Mwaka huu shule imepata maboksi mawili ya chaki. Ernestine, mama wa watoto wanne, hajaona mshahara miezi mitano, na ule wa mwisho ulinunua unga wa siku nne.

Mkuu wa shule, Kitenge, si mtu mbaya. Ni mwoga, na siku hizi uoga una sababu.

"Mama Ernestine, formulaire haina fasi ya bale batoto. Andika abandon, tumalize."

"Habakuacha masomo, Tata Directeur. Balibafukuza."

"Sema polepole!"

Saa sita Ernestine anakwenda stesheni kwa miguu. Mukendi, aliyefanya kazi ya shaba miaka ishirini na miwili, amekalia sanduku lake. Inasemekana treni itafika kesho. Binti yake Tshiela, wa kwanza darasani, amefunga madaftari yake ndani ya plastiki.

"Bakiandika abandon, kule batamurudisha mu darasa ya kwanza," anasema Mukendi. "Miaka sita ya mutoto, mama, inapotea bure."

Tshiela ana swali moja. "Mama, mwalimu anaita jina yangu bado?"

"Anaita."

"Na banaitika?"

"Kila asubuhi."

Ernestine anageuza uso. Machozi yake hayatampandisha mtoto darasa.

Ofisini anachukua rula na kalamu nyekundu, anachora safu mpya pembeni mwa fomu: "Waliofukuzwa mjini, si shuleni." Mbele ya kila jina anaandika darasa na alama. Tshiela: la sita, asilimia 78. Kisha ananakili vyeti ishirini na tisa.

Kitenge anaisoma safu hiyo mara mbili. Anafungua mtoto wa meza, anautoa mhuri, anauweka juu ya karatasi na kusema anaenda kunywa maji. Anakawia huko. Ernestine anagonga mhuri mara ishirini na tisa.

Jirani mmoja ameshamwuliza yuko upande wa nani. Ernestine mwenyewe ni mtu wa kaskazini mwa Katanga, na anajua swali hilo linaweza kuishia wapi. "Mi naogopa," anasema. "Usiku nasikia kila muguu inapita mu njia."

Alfajiri atapitia stesheni kugawa vyeti kabla treni haijaondoka, kisha ataipeleka fomu mwenyewe. Anachotumaini ni kidogo: huko Kasai, mtu mmoja asome karatasi ile na kumkalisha Tshiela kwenye dawati lake la haki.

Na mkaguzi akiikataa? Ernestine anainyoosha fomu kwa kiganja, taratibu, mpaka mikunjo yote iishe.

"Akinifukuza na mi, bon, colonne nyekundu iko tayari."